Kitufe cha Simama

Kipandio kilikwea milima ya Uluguru bila magurudumu wala kamba. Kilielea shubiri moja juu ya reli ya sumaku, abiria arobaini ndani, na kwa dakika kumi na moja kiliwafikisha kutoka mjini Morogoro hadi vijiji vya juu ambako babu zao walipanda kwa miguu nusu siku. Mwendeshaji alikaa mbele ya kioo cha amri, akigusa vitufe vilivyochorwa humo kwa mwanga: Nenda, Punguza, Simama.

Siku moja hakikusimama. Kilipita kituo cha juu, kikagonga ukuta wa mwisho, na mama mmoja akavunjika nyonga. Mwendeshaji, Sikudhani Mkude, alieleza kwamba alibonyeza Simama mara tatu. Kumbukumbu za mtambo hazikuonyesha hata mara moja. Wakaguzi walikiwasha, wakakijaribu mara ishirini, kikatii mara zote. Sikudhani akaachishwa kazi.

Pendael Mrutu, mhandisi aliyeandika amri za kioo kile, alitia saini ripoti pamoja na wenzake. Lakini sentensi moja ya Sikudhani haikumtoka kichwani kwa miezi mitatu. Alikuwa amesema kitufe kiliwaka chini ya kidole chake. Pendael alijiuliza kwa nini mtu anayejitetea kwa uongo atunge jambo dogo kama hilo.

Hatimaye aliomba kipandio kitupu, akakiwasha asubuhi na kukiacha kipande na kushuka polepole. Siku ya ajali kilikuwa kazini kwa saa tisa. Wakaguzi walikijaribu kikiwa ndiyo kwanza kimewashwa. Saa ya kwanza alibonyeza Simama, kikasimama. Saa ya nne vilevile. Ya nane, aligusa tena. Kitufe kikawaka. Kipandio kikaendelea na safari.

Alipiga simu kituo cha chini wakate umeme, breki za chuma zikaibana reli, kipandio kikasimama.

Sababu aliipata kesho yake. Mtambo wenyewe uliandikwa kwa lugha nzito ya mashine, amri za kioo kwa lugha nyepesi, na kati ya lugha hizo mbili kulikuwa na daraja. Kwa kila kitufe Pendael alikuwa ametunga kiitikio: kipande cha amri kinachokaa kimya mpaka kitufe chake kiguswe, ndipo kiitike, kama waimbaji wanavyompokea kiongozi wao. Daraja lilikipa kioo anwani ya kiitikio tu, bila kukishika kiitikio chenyewe kisipotee. Na lugha nyepesi ina mfagizi wake, anayepita nafasi ya kumbukumbu ikianza kujaa, baada ya saa nyingi za kazi, na kutupa chochote anachoona hakina mwenyewe. Mfagizi hakujua kwamba ng'ambo ya daraja kuna kioo kinachokitegemea kiitikio kile. Akakifagia. Kioo chenyewe kikawasha mwanga wa kitufe, kikaita kwenye anwani tupu, na daraja, badala ya kulalamika, likanyamaza. Hata kuandika kwamba kitufe kimeguswa ilikuwa kazi ya kiitikio hichohicho.

Dawa yake ilikuwa mistari michache: daraja lishike kila kiitikio muda wote kitufe chake kiwapo, na lipige kelele lisipokikuta. Alikijaribu kipandio siku tatu mfululizo bila kukizima, kikasimama kila alipobonyeza. Kisha akaandika ripoti nyingine, kwa jina lake peke yake, na Sikudhani akarudishiwa kazi yake.

Alimpigia simu mwenyewe kumweleza.

“Kuachishwa kazi nilikuwa nimekuzoea,” Sikudhani alisema. “Ila nilishaanza kuamini kwamba sikubonyeza.”

Kisha akamwomba afike nyumbani, ayarudie maneno hayo mbele ya mama yake. Pendael alikwenda alasiri ileile. Alieleza yote akiwa amesimama mlangoni, habari ya daraja na ya mfagizi, na bi mkubwa akamsikiliza bila kumkatiza.

“Kwa hiyo mwanangu alibonyeza.”

“Alibonyeza, mama. Mara tatu.”

“Na aliyekosea ni wewe.”

“Ni mimi, mama.”

Bi mkubwa alimgeukia binti yake, aliyekuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akamsogezea Pendael kiti.