Niliwaambia Polisi Wamtie Adabu Mwanangu

Nina miaka sitini na minane, mkulima wa Mkotokuyana, Nachingwea. Shule niliishia la pili. Shamba langu la mikorosho nimelifyeka kwa mikono hii, sikurithi kwa mtu. Najisifu? Ndiyo, nilijisifu sana... na ndipo nilipoumia.

Mwanangu Mfaume alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Msimu uliopita nilifunga korosho kwenye magunia mapema, nawahi ghalani. Akaniambia, "Baba, hizi bado zina maji. Ghalani watazikataa. Tuzianike tena."

Nikamjibu mbele ya vibarua, "Mikorosho nimepanda hujazaliwa. Leo unanifundisha kuanika?" Vibarua wakacheka.

Kesho yake asubuhi magunia mawili hayapo, pikipiki yetu haipo, na Mfaume hayupo! Jirani akanichokoza, "Mzee, kijana kashawapelekea kangomba." Hao ndio wanaonunua korosho kwa kificho. Damu ikanichemka! Mwanangu sikumpigia simu hata mara moja... nikawapigia polisi.

Mchana askari akanipigia. Wamemkamata njia ya Ruangwa. "Mzee, huyu anasema korosho ni zako, anazipeleka kwa bibi yake Matambarale kuanika. Kweli?"

Nyuma yake nikamsikia Mfaume, "Baba, waambie! Waambie, baba!"

Ndugu wasomaji, neno moja tu angerudi nyumbani. Nilisema nini? "Mwongo huyo. Mtieni adabu."

Wakamtia. Jioni niliitwa hospitali... nikamkuta kafunikwa shuka. Polisi wakasema alianguka akikimbia. Akimbie vipi, na mikono ina alama za pingu? Kila ofisi ninayokwenda kudai haki naambiwa, "Mzee, si wewe uliyeshtaki?"

Magunia walinirudishia. Nikafungua moja, nikatia mkono mpaka kiwikoni. Korosho zina maji, zimeanza kuota ukungu! Na kule Matambarale mama mkwe wangu alikuwa ametandika mikeka tangu asubuhi, anamsubiri mjukuu wake. Mtoto alitaka kunifichia aibu ya kukataliwa ghalani, basi.

Mke wangu hanisemeshi. Chakula ananiwekea, anaondoka.

Wazazi wenzangu, mtoto akikukosea mgombeze mwenyewe, nyumbani kwako. Kazi ya kulea usimpe mwenye bunduki. Na mwanao akikwambia korosho zina maji, usitazame umri wake... tia mkono kwanza. Mimi nimeutia nimeshamzika.