Abiria wa Mzunguko wa Mwisho

Miwani ile haikusahauliwa. Mshonaji aliificha mwenyewe kwenye mfuko wa aproni mchana, mumewe alipokuwa bafuni, ili jioni apate sababu ya kumfuata huko anakokwenda. Jua lilipoanza kuzama alifunika cherehani, akatundika gauni la mteja ukutani, akatoka. Mtu yeyote aliyekutana naye njiani alimwona mke mwema anayempelekea mumewe miwani.

Mumewe alikuwa mchora mabango, mpole, wa maneno machache na rangi nyingi kwenye kucha. Mwaka huo alikuwa amejiunga na chama cha watu wanaoendesha treni ndogo. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanajifungia chumbani kusukuma vitreni juu ya meza! Mwanzoni mshonaji alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alimwita mumewe “stesheni masta” mbele ya wageni, naye mume akacheka pamoja nao.

Kisha kicheko kikakauka.

Kwanza alimkuta amechuchumaa mlangoni, anachota udongo wa kizingitini kwa kijiko na kuutia kwenye kopo. Halafu nywele zake zikaanza kupotea kwenye chanuo. Akimaliza kuchana, akigeuka kidogo tu, chanuo safi kama limetoka dukani leo. Halafu gauni lake la zamani, lile la maua, likakutwa limekatwa kipande kwenye pindo, tena kwa mkasi wake mwenyewe. Udongo wa mlangoni. Nywele. Kipande cha nguo. Hata mtoto anajua vitu hivyo vikikusanywa pamoja ni vya kazi gani.

Tangu hapo mume akawa haendi tena siku za mkutano tu. Alikwenda kila jioni. Mvua inanyesha, anakwenda. Homa imempanda, meno yanagongana, anakwenda. “Nikikosa leo itakuwa taabu,” alisema siku moja huku akivaa koti. Alipoulizwa taabu gani, alijitia hamnazo.

Mshonaji hakupiga kelele. Alipanga nguo zake kwenye begi la kijani, akalisukuma chini ya kitanda mpaka likagusa ukuta, akampigia simu dada yake anayeishi mji wa mbali. “Nikifika usiniulize kitu,” alimwambia. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Ila kabla ya kuondoka alitaka vitu vyake virudi mikononi mwake. Hakuwa tayari kwenda kuanza maisha kwa dada yake huku nusu yake imebaki kwenye kopo la mtu.

Chama kilikuwa kimepanga ghala nyuma ya duka la rangi. Uchochoro ulikuwa umeshaingia giza. Alikuwa bado hajaufikia mlango aliposikia honi.

Puuu…

Ndogo. Nyembamba. Lakini ilimfanya asimame. Reli za mji huu ziling’olewa kabla hajaolewa. Barabara ya kwao imenyooka vile kwa sababu zamani ilikuwa njia ya treni, na mpaka leo wazee wanaizungumzia. Alipiga moyo konde, akasukuma mlango.

Alitegemea kukuta vitambaa vyekundu na moshi. Alikuta taa nyeupe, harufu ya gundi, na meza zilizozunguka kuta zote nne. Juu yake mji mzima. Fundi saa alikuwa amekifungua tumbo kichwa cha treni, anakitia mafuta kwa ncha ya sindano. Muuza nyama, mtu wa kifua kama kabati, alikuwa anabandika majani kwenye mti mfupi kuliko kidole chake, ulimi umemtoka nje kwa umakini. Mama mwenye duka la dawa alichekecha unga wa mbao alioutia rangi ya kijani ili uwe nyasi. Wawili walikuwa karibu kushikana mashati kwa sababu ya taa ya njia panda, iwe kushoto au kulia. Ukiwatazama, hakuna hata mmoja uliyeweza kumdhania mchawi.

“Shemeji!” Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, alimjia mikono imekunjuliwa. “Karibu, karibu. Mbona leo umekuja kwa miguu yako?”

“Nilikuwa nije kwa miguu ya nani?”

Mwenyekiti alicheka. Kicheko kilichelewa kidogo. Kisha akamshika kiwiko na kumwelekeza mezani. “Kila mwanachama anajenga mtaa wake. Udongo anauchota mlangoni pake, ili rangi isidanganye. Vidoli vya watu wake anavitengeneza kwa nywele zao na nguo zao. Vya dukani havina uhai. Huu hapa ni wenu.”

Mshonaji aliinama. Aliona nyumba yake, ndogo kama kiberiti. Dirisha la cherehani. Ufa wa ukutani ambao mumewe huahidi kuuziba kila mwaka. Kamba ya nguo iliyoanikwa mashuka kama vipande vya karatasi. Mbele ya mlango, badala ya barabara, zilipita reli mbili zinazong’aa.

“Tumeujenga mji kama ulivyokuwa,” Mwenyekiti alisema. “Kabla reli hazijang’olewa.”

Aibu ilimshika mshonaji, kisha furaha, kisha akataka kulia. Kumbe ndiyo haya! Miezi yote hiyo anamtazama mumewe kwa jicho la pembeni, anafunga begi amkimbie, kumbe mwanaume anamjengea nyumba. Alitaka kumkumbatia palepale.

Ila pale kwenye kamba ya nguo hapakuwa na mtu.

Palikuwa na alama za nyayo kwenye udongo, ndogo kama mbegu za mtama. Zilianzia kwenye kamba, zikapita mlangoni, zikafuata reli… zikaenda.

Alizifuata kwa macho mpaka kona ya mbali ya chumba, kwenye stesheni. Mumewe alikuwa amesimama hapo. Alipomwona mkewe, uso ulimbadilika ukawa rangi ya majivu, na ngumi yake ya kulia ikafungika haraka.

“Umekuja kufanya nini hapa?” alinong’ona.

“Miwani yako.”

Hakuipokea. Alimpita, akainama kwenye nyumba yao, akafungua ngumi, akasimamisha kitu karibu na kamba ya nguo. Kidoli cha mwanamke mwenye gauni la maua. Akafuta nyayo kwa brashi, taratibu, kama mtu aliyekwishazoea. Muuza nyama alimsogelea, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

“Leo tena?”

“Leo tena.”

“Na begi?”

Mume aliitikia kwa kichwa.

Begi. Ni nani aliyewaambia habari za begi?

Mshonaji alijifanya hakusikia. Aligeukia mtaa wa jirani, nyumba yenye baraza na viti viwili. Kimoja kilikaliwa na kidoli cha mzee mwenye upara. Kingine kilikuwa kitupu. “Hii ni ya nani?” aliuliza.

“Yangu,” alisema Mwenyekiti.

“Na mkeo?”

Wale wa taa ya njia panda waliacha kubishana.

“Alisafiri.”

“Kwenda wapi?”

Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani. “Mzunguko wa mwisho, jamani,” alisema. “Tuzime taa.”

Ndiyo ilikuwa desturi yao ya kufunga siku. Taa kubwa zilizimwa, vidirisha vya mji vikawaka kimoja kimoja, na treni ikatoka handakini peke yake. Wanachama walisimama kimya, mikono nyuma, kama watu wa msibani. Magurudumu yalinong’ona. Tiki-taka… tiki-taka… Ndipo mshonaji alipoisikia harufu. Moshi wa makaa ya mawe. Na treni hizi zinakwenda kwa umeme!

Gizani alinyoosha mkono. Kidoli hakikuwa kimegandishwa kwa gundi. Kiling’oka kama kilikuwa kinamsubiri. Alikitia kwenye mfuko wa aproni, pamoja na miwani, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kisha mguu niponye.

Hakusimama mpaka nyumbani. Aliwasha taa zote, akakiweka kidoli juu ya meza ya cherehani, akavaa miwani ya mumewe ili akione vizuri. Nywele zilikuwa zake. Gauni lilikuwa lake. Mkononi kilishika begi la kijani, dogo kama punje ya mahindi. Aliligeuza kwa ncha ya sindano. Pembeni lilifungwa uzi mara mbili na fundo kugeuzwa ndani, mshono aliofundishwa na mama yake. Kila mteja wake anaujua.

Alikuwa amelishona yeye.

Lini? Hakukumbuka. Alitazama kidole chake cha shahada na vitundu vya sindano ambavyo siku zote alidhani ni vya kazi.

Mlango uligongwa kwa kishindo. Mumewe aliingia anahema, koti limefunguka. Alipomwona alishika ukuta asianguke.

“Upo,” alisema. “Mungu wangu, upo. Taa ziliwashwa, nikatazama, hukuwepo kwenye kamba wala stesheni. Nikasema ameshapanda.”

“Nimepanda nini? Sema. Leo utasema.”

Alikaa kitako sakafuni kama mtoto, akasema. Jioni moja alikikuta kidoli cha mkewe kimesimama stesheni. Alidhani ni mzaha wa wenzake, akakirudisha. Kesho yake kikawa pale tena. Halafu kikawa na begi. Kila jioni, kabla ya mzunguko wa mwisho, ilimbidi awahi kukirudisha nyumbani.

“Mke wa Mwenyekiti alianza hivyohivyo,” alisema. “Mwenyekiti akacheka, akakiacha. Treni ikasimama stesheni, hakuna aliyegusa swichi. Ilipoondoka kidoli hakikuwepo. Na nyumbani chakula kilikuwa bado cha moto mezani, mke hayupo, mpaka leo.”

“Kwa nini hamuichomi hiyo meza?”

“Na nyumba zetu zote ziko juu yake?”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikwambie kidoli chako kinatembea? Ungenikimbia.” Aliinua macho. “Wewe je? Kinakwenda stesheni kwa sababu gani? Nimejiuliza kila jioni nikiwa pale. Unataka kwenda wapi, mke wangu?”

Hapo ndipo mshonaji alipovunjika. Alimweleza yote, kopo, nywele, mkasi, dada yake. Alilia kwa uchungu na hasira pamoja. Yeye alifunga begi kwa sababu mume anatoka kila jioni, na mume alitoka kila jioni kwa sababu yeye amefunga begi. Wangekaa siku moja tu wakaulizana!

“Basi sasa kipo hapa,” alisema huku akijifuta machozi. “Nimekitoa. Hakiwezi kupanda tena.”

Mumewe hakufurahi. Alikitazama kidoli kile chini ya taa, kisha akatazama mlango, kisha barabara iliyonyooka nje ya dirisha.

“Pale treni ilikuwa na stesheni yake,” alisema polepole. “Nilijua itasimama wapi, nikawahi kukutoa. Hapa nitakutoa wapi?”



Puuu…

Siyo ndogo. Siyo nyembamba. Glasi zilitetemeka kabatini.

“Fungua begi,” mume alinong’ona. “Toa nguo, zirudishe kabatini. Haraka!”

Mshonaji alikimbilia chumbani, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda mpaka ukutani. Vumbi. Alipapasa kulia. Alipapasa kushoto. Vumbi tu, na mstari mahali kitu kizito kilipoburutwa kutoka.

Alirudi sebuleni. Begi la kijani lilikuwa limesimama wima mlangoni, kishikio juu. Mezani hapakuwa na kidoli.

“Umelitoa wewe?” alimwuliza mumewe. “Niambie ukweli. Ni wewe?”

“Mimi nimekaa hapahapa.”

Sauti ilikuwa ya mumewe. Lakini alipomsogelea, koti lake lilinuka moshi wa makaa, na kwenye kucha, chini ya rangi zote zile, alikuwa na masizi. Ni ya ghalani? Au ni yeye anayekwenda kuita treni kila jioni? Na habari za mke wa Mwenyekiti, nani alizithibitisha? Kitanda anakilalia yeye pia. Mkasi anaujua ulipo.

Nje, kitu kirefu kilianza kupunguza mwendo. Mwanga wa madirisha mengi ulipita taratibu kwenye pazia, mmoja baada ya mwingine, kisha mmoja ukasimama mbele ya mlango wao. Kitasa kilizunguka. Mlango ukafunguka kidogo, na harufu ya makaa ikajaa sebule.

“Nishike,” mshonaji alisema. “Tafadhali, nishike sana.”

Mumewe alimshika. Mikono miwili, mmoja begani, mmoja mgongoni, yote ya moto. Mshonaji akafumba macho. Nyayo zake zikaanza kuteleza sakafuni, kidogo kidogo, kuelekea mlangoni, na hata kidole cha mguu kilipogusa baridi ya kizingiti, pale palipochotwa udongo, alikuwa bado hajajua kama mikono ile inamvuta ndani au inamsukuma.