Mwenye Kofia Kutoka Leticia

Kiti cha Khalfan kilikuwa kimelowa. Na si kulowa kwa mtoto kumwaga juisi. Kilikuwa chapachapa, ukiminya sponji maji yanatiririka, na chini yake zulia la apatimenti limefanya dimbwi ambalo bata angeliona angehamia na ukoo. Hasina, mkewe, alipiga magoti akanusa, akasema hili ni tope la mtoni. Khalfan akamwambia Irving hii ya Texas haina tope, Irving ina lami na bili tu, labda AC inavuja. Hasina akaangalia dari. Ilikuwa kavu kama mdomo wa aliyefunga.

Khalfan ndiyo kwanza ametoka safari. Huyu bwana kazi yake ni kupakia mizigo kwenye ndege pale DFW, airport kubwa ya Dallas, na kazi ile ina utamu wake: kiti kikibaki kitupu, mfanyakazi anapanda karibu na bure. Wenzake waliutumia utamu huo kwenda kuwaona mama zao. Khalfan aliutumia kuimaliza dunia. Jirani wa mlango wa pili alikuwa hamjui sura, lakini wafagiaji wa airport ya Bogota walikuwa wakimwona wanamwita shemeji. Hasina anahudumia wazee kule Richardson. Akirudi nyumbani miguu imevimba, anamkuta mumewe ndani ya simu, amesimama na mlima nyuma yake, anacheka. Idi iliyopita binti yao Afnan alivaa gauni jipya akapiga picha na mama yake tu. Baba alikuwa Leticia, safari hii hii aliyotoka.

Leticia ni mji wa Kolombia uliobanwa kwenye kona, ubavuni una mto Amazoni. Ukivuka barabara kununua soda umeshaingia Brazili na hakuna anayekuuliza. Ukivuka mto uko Peru. Khalfan alijisifu kwamba alipiga mswaki nchi moja, akanywa chai nchi ya pili, akaenda haja nchi ya tatu. Na mto wenyewe, alisema, mpana mpaka ukitema mate ukingo huu, yakifika ng'ambo yanadaiwa visa. Jioni kasuku wadogo wanaingia mjini kulala kwenye miti, na kelele zao zingemwamsha maiti akaomba pamba za masikio.

Siku ya Idi yenyewe alipanda boti ya kwenda upande wa Peru. Akanunua samaki aliyechomwa ndani ya jani, na unga wa muhogo, akala humo humo majini. Pembeni yake alikuwa amekaa bwana mmoja kavaa nyeupe tupu na kofia pana. Khalfan hakumbuki alipandia wapi. Na hapo akafanya kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya hata umlipe: mdomo umejaa, bila hata kumtazama mtu usoni, akasema, "Karibu."

Utakulaje mbele ya mtu usiseme karibu? Unaisema hata kwa polisi aliyekuja kukukamata. Na mwenzako naye adabu yake ni kujibu ahsante, nimeshiba, hata kama utumbo unapigana ngumi. Yule bwana hakujibu. Alinyoosha mkono akala, nusu nzima ya samaki, miba na yote. Khalfan akafurahi, akamtupia na ile ya kuagana: na nyumbani Texas karibu sana, wewe njoo tu. Ile tunayoambiana sote na hakuna mwenye akili zake anayekuja.

Mwenye boti alikuwa ameshajikunyata kule nyuma kwenye mashine, anafanya ishara ya msalaba, anamtazama Mwafrika anayeongea na ubao mtupu. Mama wa gesti aliyofikia ndiye aliyemweleza Khalfan, kwa simu ya kutafsiri. Mto ule una pomboo wa rangi ya waridi, na wengine si pomboo. Wanatoka majini wamekuwa wanaume wazuri, na kofia hawavui, maana utosini wana tundu la kupumulia. Wanapenda nyumba ambayo mwenyewe hashindi. Khalfan alicheka mpaka akapaliwa, akaiposti.

Sasa yuko Irving, na kiti kimelowa.

Kesho yake ikaja pumzi. Wanakula mchana, jua la Texas limewaka la kuchemshia chai mfukoni, mara nyuma ya kiti ikasikika fuuuh, kama mtu aliyezama kitambo anaibuka. Afnan akacheka. Hasina akainamisha uso kwenye sahani. Khalfan akageuka, hakuna kitu. Aliporudi kwenye wali wake, sahani ilikuwa nyeupe imelambwa. Ikawa ndiyo mtindo. Akikamata andazi linamwishia mkononi kama barafu. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka, ukajikuta, ukasalimiana na mwisho wake. Milango ya madukani ile inayojifungua yenyewe ikawa haimfungukii, anasubiri mtu mwingine aje ndiyo apenye naye. Kazini msimamizi alimpa mtu mwingine zamu yake, akisema Khalfan leo hajaja, na Khalfan kasimama hapo hapo.

Nyumbani mambo yalikuwa yananawiri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Hasina, aliyekuwa anakula nafaka za boksi akiwa amesimama, akaanza kupika samaki wa nazi, na siku moja Khalfan alirudi mapema akasimama nje ya mlango na ufunguo mkononi, akamsikia mkewe anaongea, anaeleza habari za kazini, za mzee fulani anayemwita jina la marehemu dada yake, anaeleza taratibu kama mtu anayesikilizwa, kisha ananyamaza, kisha anacheka cheko ambalo Khalfan alilisikia mara ya mwisho kabla hawajapanda ndege kuja nchi hii, na katikati ya kunyamaza kule ikapita ile pumzi, fuuuh, ndefu, ya mtu aliyeshiba, na harufu ya tope ikapenya chini ya mlango ikamlowesha viatu. Akaingia. Akataka kukaa.

"Baba, no," Afnan akamwambia. "That's his chair."

Khalfan akamvuta Hasina jikoni. "Nani alikuwa hapa?" akanong'ona.

"Hakuna mtu."

"Mezani kuna sahani tatu."

"Si tuko watatu."

"Mimi sijala, Hasina."

Hasina akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango. "Ungekaa," akasema, "ungekula."

Khalfan akampigia Maalim Ubeid. Huyu ni mtu wa Lamu anayeishi Houston, wiki nzima anatengeneza AC, weekend anatoa majini. Sifa zake zimejaa Texas: alishawahi kumtoa jini ndani ya lori likiwa highway, na lori halikupunguza mwendo. Jumapili asubuhi aliingia na gari lake la kazi, ngazi juu. Kwanza akakivalisha king'ora cha moshi mfuko wa nailoni, maana mwaka jana ubani wake ulishaita watu wa zimamoto. Kisha akawaambia wote wafumbe macho, isipokuwa mama wa nyumba.

Khalfan akafumba. Ubani ukapanda. Alimsikia Maalim anamnong'oneza Hasina swali, hakulikamata. Jibu halikusikika. Zililia bangili tu, kama mkono umenyooshwa.

Kisomo kikaanza, na Khalfan akangoja kusikia kiti kikigugumia, maji yakimwagika, kilio, chochote, lakini alichosikia ni miguu yake mwenyewe ikiinuka kwenye zulia bila kuulizwa, ikienda, mlango, ngazi, uwanja wa magari, na yeye anashika nguzo na nguzo inateleza kama samaki, anaita Hasina na sauti inatoka kama ya mtu aliye chini ya maji, mpaka akajikuta kiti cha nyuma cha gari la Maalim, katikati ya mabomba, wameshaingia barabara ya Houston. Maalim alikuwa amekifunika kioo cha kutazamia nyuma kwa kitambaa. Hakugeuka.

"Maalim, ni mimi. Khalfan."

"Wote husema hivyo," Maalim akajibu.

"Mimi ndiye niliyekupigia simu."

"Na hilo pia husema." Akaongeza sauti ya kisomo kwenye redio.

Walipofika Houston, Maalim alimshusha kwenye kile kijito chao kikubwa wanachokiita Buffalo Bayou, maji ya kahawia yanayokwenda kama foleni. Akamwambia mahali pake ni pale, asirudi kwenye nyumba ya watu. Akaondoka bila kuangalia nyuma.

Khalfan akatoa simu. Hasina akapokea.

"Hasina, Maalim amekosea. Mimi niko Houston."

Vijiko vinagonga sahani. Afnan anacheka. Fuuuh.

"Yule si mtu, Hasina."

"Najua." Aliongea kwa sauti ya chini, bila hasira hata kidogo. "Maalim aliniuliza mgeni ni yupi. Nikamwonyesha."

"Mimi mumeo."

"Idi hii atakuwepo, Khalfan. Kiti kinalowa, nafuta."

Akakata.

Khalfan alitembea ukingoni. Maji hakuyagusa, lakini nyuma yake nyayo zilikuwa zinabaki mbichi kwenye saruji. Watu wanakimbia mazoezi, wanampita karibu kumkanyaga. Njaa ilikuwa imemkamata, njaa ya kula daraja na magari yake. Mbele, kwenye meza za kupumzikia, familia moja ya Kikongo ilikuwa imetandaza chakula: ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki mzima wa kuchoma. Akasogea. Akasimama ubavuni mwa baba wa familia.

Yule baba, mdomo umejaa, hakuinua hata macho. "Karibu, ndugu," akasema.

Mkewe akatazama huku na huku. "Wilondja, unasemesha nani?"

Khalfan alilijua jibu la adabu tangu yuko mtoto.

Akanyoosha mkono.