Kura ya Calandria

Stesheni ya Retiro ilikuwa imefurika, na Nélida alikuwa amebeba tandiko la farasi begani, hajali anayemgonga. Alipogeuka, kahawa ya kijana mmoja ikamwagika yote kwenye koti lake la kijivu.

"Pole, kaka. Nitakufulia."

"Mimi au koti?"

Nélida akacheka, na kicheko hicho kikammaliza kijana huyo, Anselmo.

Anselmo alikuwa karani wa shirikisho jipya la dunia la polo, mpira unaochezwa juu ya farasi, vyumba viwili tu hapo Buenos Aires. Shirikisho lilitaka hata nchi zisizoweza kusafirisha farasi zishindane. Basi wenyeji waliazimisha farasi wao, wakawekwa pamoja, kila timu ikapata wake kwa kura.

Nélida, sasa mpenzi wa Anselmo, naye akamtoa Calandria, jike mwekundu aliyeachiwa na marehemu baba yake.

"Mpenzi, umtie timu yetu," alisema kwenye simu. "Nikimwona na wageni nitakufa."

"Nitaona, kipenzi."

Hapo ndipo Anselmo alipoharibu. Alipaswa kukataa palepale, lakini sauti ile ilimlegeza.

Siku ya kura Nélida alivaa gauni la manjano, akakaa mbele. Anselmo akaingiza mkono bakulini, mlimojaa karatasi za majina ya farasi. Calandria akaenda kwa wageni.

Tangu hapo kila Anselmo akipiga simu anapokea shangazi yake Nélida.

"Anaoga."

"Shangazi, tangu jana?"

"Alichafuka sana."

Alipokwenda mwenyewe, Nélida alimpa kibuyu cha chai ya majani, baridi. Kwao chai baridi ni kumwambia mtu ashike njia yake, kama vile chai yenye asali ni kumwambia alete posa. Anselmo aliinywa yote, akaondoka.

Wageni wakakutana na timu ya nyumbani. Calandria alikimbia siku hiyo kuliko alivyowahi kukimbia, na bao la ushindi likafungwa kutoka mgongoni mwake. Mgeni aliyempanda aliposhuka, alimnywesha maji kwanza kabla ya kugusa yake. Watazamaji wenyeji wakasonya. Nélida alikuwa anapiga makofi huku analia.

Jioni akapiga simu.

"Niambie ukweli. Ungeweza kumtia timu yetu?"

"Ningeweza. Karatasi yake ilikuwa imekunjika kona. Zamu ya timu yetu niliigusa, nikaijua."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha. Wenzetu walivuka bahari kwa kutuamini, Nélida. Siku nikiiba kura moja, shirikisho lote ni uongo."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Niliogopa kukukosa."

"Ukanikosa hivyohivyo, mjinga wewe. Njoo."

Shangazi ndiye aliyefungua mlango, safari hii bila kisingizio. Nélida akamkabidhi kibuyu. Anselmo akavuta mrija mara moja. Chai ilikuwa ya moto.

"Ina asali," alisema taratibu.

"Najua, nimeitia mwenyewe. Maliza, halafu ukaongee na shangazi."