Kiona-Mayai cha Velika

Tarehe kumi Februari, siku ya Mtakatifu Haralampi, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Hiyo ni sikukuu yetu sisi wafuga nyuki. Kila mmoja hubeba mtungi wake wa asali mpaka kanisani, huchomeka mshumaa juu yake, na padri huubariki. Wengine hupeleka na vifaa vya kazi. Hapa kwetu, mji mdogo wa Dolna Lipka, tunaamini kwamba kifaa kisichobarikiwa huwaudhi nyuki.

Mimi nilipeleka kiona-mayai.

Yai la nyuki ni dogo sana. Limesimama chini kabisa ya tundu la sega, jembamba kama kipande cha uzi mweupe. Ukiliona, unajua malkia yupo na anataga. Usipoliona, huenda mzinga wako unakufa na wewe huna habari. Mke wangu Velika alikuwa akiyaona mayai hayo kuliko mtu yeyote, mpaka macho yalipoanza kumzimikia.

"Nencho, wewe si seremala?" akaniambia. "Basi nichongee jicho."

Nikachonga kasha la mbao ya mjozi, dogo kama kikombe cha kahawa kisicho na kitako. Juu yake nikagandisha lenzi niliyoitoa kwenye kamera mbovu. Ubavuni nikatoboa kidirisha, na ndani nikaegemeza kipande cha kioo ili mwanga ushuke mpaka chini ya tundu. Unaliweka juu ya sega, unachungulia, mayai yanaonekana kama punje za mchele.

Velika alifariki Novemba. Hatukujaliwa mtoto. Nilitaka jambo moja tu: kifaa kile kiandikishwe kwa jina lake, kwa sababu wazo lilikuwa lake. Sikutaka jina lake libaki kwenye tangazo la msiba tunalobandika langoni tu, linalolambwa na mvua.

Siku ile kanisani nilikiweka kifaa mezani nyuma ya mtungi wangu, nikakifunika kwa leso. Meya wetu, Bwana Parushev, ana macho ya kunguru. Alikiona.

"Mzee Nencho, unaficha nini hapo? Chupa?"

Watu wakacheka.

"Ni kiona-mayai, bwana meya. Bado hakijakamilika."

"Toa, toa! Akili ya Dolna Lipka haifichwi!"

Nikamtazama padri. Yeye akasema, "Nitabarikije kitu nisichokiona, Nencho? Funua."

Nikafunua. Kikapita mkono kwa mkono. "Nencho siku hizi anawachungulia nyuki wakioga!" mmoja akatania. Meya akamwita mpiga picha wa halmashauri. Nikaambiwa nishike sega, nieleze: lenzi hapa, kioo pale, mwanga unaingia hivi. Jioni picha zangu na maelezo yote yalikuwa kwenye ukurasa wa halmashauri, dunia nzima ikisoma. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, anakula mkate na asali. Hakusema neno.

Mwaka uliofuata karakana moja ya mji mkubwa ikaanza kuuza viona-mayai. Mbao ya mjozi, kidirisha ubavuni, kila kitu. Hapo ndipo nilipoamka. Nikaandika mwenyewe maombi, kwa mkono huu uliozoea randa, nikapeleka kwenye ofisi ya hataza. Jibu lilichukua muda. Lilipokuja, likasema kifaa si kipya. Ushahidi wao ulikuwa picha yangu mwenyewe, nimeshika sega, meya ananichekea begani.

Nikaenda kwa jirani yangu Zdravka. Kabla kiwanda cha lenzi hakijafungwa, yeye alifanya kazi kwenye idara yao ya kuandikisha uvumbuzi. Nilimkuta jikoni anachoma pilipili nyekundu.

"Wameniibia!" nikasema kabla ya salamu. "Eti kifaa changu si kipya kwa sababu mimi mwenyewe nilikionyesha! Umewahi kusikia upuuzi kama huo?"

"Nimewahi, kaka Nencho. Mara nyingi. Keti, usinipigie kelele, sikuandika sheria mimi."

"Basi nani ameiandika? Wale wale wakubwa."

"Sikiliza kwanza, utawatukana baadaye." Akaupunguza moto. "Unajua hataza ni nini?"

"Karatasi ya kusema kitu ni changu."

"Ni haki. Serikali inakwambia: tufundishe kitu ambacho hakuna aliyekijua, nasi kwa muda tutawazuia wengine wasikitengeneze kwa biashara bila ruhusa yako. Ni mapatano. Sasa wewe ulishawafundisha watu wote bure, siku ya Haralampi. Serikali inunue nini tena kwako?"

"Lakini ni mimi niliyekitengeneza!"

"Hakuna anayebisha. Ila huku kwetu sheria haiulizi nani alikionyesha. Awe mwizi, awe meya, awe wewe mwenyewe, kikishakuwa hadharani kabla ya siku ya maombi, si kipya. Ziko nafuu chache, lakini wewe hata muda wake ulishapita."

Pilipili zikaanza kuungua, naye akazigeuza.

"Na wale wa karakana?" nikauliza. "Nao watapata hataza?"

"Hawawezi. Picha ile ile iliyokufunga wewe inawafunga na wao. Hawakuzuii, huwazuii. Kimekuwa cha kila mtu."

"Cha kila mtu," nikasema. "Na cha Velika je?"

Akanimiminia rakia kidogo, ile pombe yetu kali ya matunda, akajimiminia na yeye. Tukamwaga tone moja chini kwa ajili ya marehemu.

"Nikuulize," akasema baadaye. "Kuna kitu chochote cha kifaa hiki ambacho hakijatoka nyumbani kwako? Usiniambie bado. Kwanza tukubaliane kwamba ninanyamaza, na tuandike tuweke sahihi. Ukimwonyesha mtu aliyeahidi kutunza siri, hujakitoa hadharani."

"Mimi na wewe tuandikiane? Tumekuwa majirani maisha yetu yote!"

"Ndiyo maana tuandike. Tuendelee kuwa majirani."

Tukaandika. Kisha nikaenda nyumbani nikaleta kiona-mayai cha pili, kile Velika alichokitumia mpaka mwisho. Kile sikukipeleka kanisani. Sikuweza kukitoa kando ya kitanda chake.

Kasha ni lile lile, ila lenzi imekaa tofauti. Kile cha kwanza nilikigandisha kwa gundi ya dukani. Ndani ya mzinga mna joto na unyevu, mbao inavimba. Ukitoka nje kwenye baridi, inasinyaa. Lenzi ikabanwa, ikapasuka, ikabidi nitafute nyingine. Velika alinicheka. "Nyuki hawanunui gundi dukani," akasema. Akachukua utepe wa sufu nzito, akauchovya kwenye ile gundi ya kahawia ambayo nyuki huzibia nyufa, akauzungusha kwenye ukingo wa lenzi kama pete. Mbao ikivimba, pete inabonyea. Ikisinyaa, pete bado imeshika. Lenzi ile haijapasuka mpaka leo.

Zdravka aliigeuza pete ile kwa muda mrefu.

"Lenzi ndani ya kasha ni kitu cha zamani kuliko babu zetu," akasema. "Darubini, kamera, zote ni lenzi ndani ya kasha. Hakuna atakayekupa hataza kwa hilo. Lakini namna lenzi inavyoshikwa ndani ya kasha, hiyo inaweza kuwa mpya. Kaka Nencho, nani ameiona hii?"

"Velika. Mimi. Sasa wewe."

"Basi ifunge kabatini. Usimwonyeshe padri, usimwonyeshe daktari wako, usiitaje hata ukilewa. Andikisha kwanza, sema baadaye."

"Na jina?"

"Mvumbuzi ni Velika. Kufa hakumwondolei jambo hilo. Wewe ni mrithi wake, utaomba haki. Yeye ataandikwa mvumbuzi."

Tulikaa na kazi hiyo majira yote ya baridi. Zdravka alitafuta kwenye kumbukumbu za hataza za nchi nyingine, kuona kama pete ya namna ile iko popote. Hakuipata. Mimi nilichora, naye alinifutia. "Usiandike 'inashika vizuri'," akanigombeza. "Andika imetengenezwa kwa nini, imekaa wapi, inafanya kazi gani. Mtu asiyekujua asome, aweze kuitengeneza."

Siku ya Haralampi ilipokaribia, Bwana Parushev alikuja langoni. Hakulitazama hata tangazo la Velika.

"Mzee wetu! Nasikia una kipya. Safari hii watakuja watu wa televisheni."

"Nitaleta asali, bwana meya."

"Na kifaa?"

"Asali tu."

"Acha uchoyo, mzee. Ni sifa ya mji."

"Mara ya kwanza mji ulipata sifa, mimi nikapata picha. Kwa nini mwanasheria wako hakuniambia nikirudishe mfukoni?"

Akasema mwanasheria ana shughuli zake. Akaondoka. Wakubwa wetu ni hivyo: kupiga makofi wanajua, kukuonya hawajui.

Wiki ile ile tulipeleka maombi, na ofisi ikatupa tarehe. Zdravka akaniambia tarehe hiyo ndiyo ukuta wetu: lolote litakalotoka hadharani baada yake halitufutii upya wetu. Baada ya muda mchunguzi akaandika kwamba hakukuta pete ya namna hii popote. Ni mpya. Kwenye barua yake, mahali pa mvumbuzi pameandikwa Velika, kwa herufi za chapa. Nilipapapasa kwa kidole kama mjinga.

Lakini upya hautoshi. Mchunguzi ameuliza jambo jingine. Mfuga nyuki yeyote, anasema, anajua gundi ya nyuki hushika na kuziba. Mtengeneza lenzi yeyote anajua lenzi inataka kitu laini ukingoni. Je, mtu wa kazi hiyo asingeweza kuviunganisha bila kuumiza kichwa? Kama angeweza, hakuna uvumbuzi, na hakuna hataza.

"Ni swali la haki," Zdravka akasema. "Wanamuuliza kila mtu hivyo."

"Haki gani? Mtu akishafungua mlango, kila mtu anasema ulikuwa wazi."

"Basi waambie hivyo. Mambo ya sheria nitaandika mimi. Haya ya mizinga waandikie wewe."

Nikaandika. Sikuomba huruma. Nilieleza kwamba wafuga nyuki wa kwetu wana gundi hiyo kwenye kucha zao toka utotoni, na kwamba karakana ya mjini ina mainjinia na bado lenzi zake zinapasuka kila baridi. Kisha nikawaachia swali moja, ambalo mpaka leo ofisi haijalijibu: kama jambo hili lilikuwa wazi kwa kila mtu wa kazi, mbona hakuna hata mmoja wao aliyelifanya?