Kila Wizi Una Mtu wa Ndani

"Simamisha hapo! Mama Rimoti, simamisha hapo hapo!"

Mama Rimoti alibonyeza, na gari jekundu likaganda hewani, magurudumu yote manne juu ya mto. Kinyozi alikuwa ameshasimama juu ya kiti.

"Nionyesheni filamu moja ya wizi yenye kitu kama hiki. Moja tu! Nyie wenzetu kazi yenu kuangalia watu wanane wamezunguka meza wanachora ramani. Hiyo ni sinema au kikao cha wazazi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ulikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, chenye viti vya plastiki na pazia zito dirishani, na ukitoka humo hata nguo zinanukia rangi. Kila Jumamosi mchana mashabiki walijaa humo, nao walikuwa kambi mbili zisizopikika chungu kimoja. Kambi ya Mbio walipenda magari yanayofukuzana. Kambi ya Mpango walipenda filamu za wezi wanaopanga mambo yakapangika. Kambi iliyoshinda mjadala ndiyo iliyochagua filamu ya wiki inayofuata, na sheria ilikuwa moja: husemi mpaka uishike rimoti.

Kijana mmoja mrefu, mpole, alinyoosha mikono akapewa rimoti. Alifanya kazi ya kupanga mizigo ghalani, na kwa jinsi alivyotetea filamu za wizi, jina lake la kweli lilishasahaulika. Walimwita tu Mpango.

"Gari limeruka mto. Haya, umepata nini?" aliuliza. "Kelele. Mimi nipe wizi uliopangwa. Watu wanaingia, wanachukua, wanatoka. Mlinzi anaamka asubuhi mzima wa afya. Hakuna anayeumia, kwa sababu kuna mtu alikaa chini akafikiri."

"Na mtu wa ndani je?"

"Rimoti! Rimoti!" watu walipiga kelele.

Mpango alicheka, akampa rimoti aliyeuliza. Ndiye mchumba wake. Walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na kwa ulimi wake pia. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao, na ukumbini walitaniwa kwamba watoto wao watazaliwa wanabishana.

"Mlango haujifungui wenyewe," alisema Sindano. "Kila wizi una mtu wa ndani. Anakula mle ndani, analala mle ndani, anajua funguo ziko wapi, halafu ndiye anayewafungulia wezi. Na nyie mnampigia makofi!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alidakia Mama Rimoti. Yeye hakuhitaji rimoti, ukumbi ulikuwa wake.

"Bila yeye hakuna filamu, mpenzi," alisema Mpango.

"Basi mimi nipeni mbio. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mkosaji anafukuzwa. Aliyemgonga baba yangu alikwenda zake, hata mbwa hakumfukuza. Miaka mitatu sasa. Nikikaa hapa nikaona mtu ametoroka, na nyuma yake kuna mtu amekanyaga mafuta anamfuata, roho yangu inatulia kidogo. Ndiyo hivyo."

Mpango aliangalia viganja vyake. Mama Rimoti akaona heri awashe filamu.

Gari jekundu likatua. Likapinda kona, likamzoa mzee mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni. Mzee akapaa juu ya boneti, akabingirika, akasimama, akajipangusa vumbi na kurusha ngumi hewani. Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Sindano naye alicheka, maana mzee wa sinema si mzee wa nyumbani.

"Mnacheka nini?"

Mpango alikuwa amesimama. Hakuwa na rimoti, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Kaa chini bwana, unatuziba," alisema Kinyozi.

"Huo ni uongo! Kwanza hiyo gari ilikuwa gia ya nne, kwenye tope huwezi kupinda hivyo, unateleza mpaka mwisho. Halafu mtu akigongwa hasimami. Viatu havibaki mguuni! Vinachomoka. Kimoja kinaruka mpaka juu ya ukuta, kinakaa katikati ya vile vigae vya chupa, kimesimama wima utadhani kuna mtu amekiweka. Na nyie mnacheka!"

"Makubwa!" Kinyozi alisema. "Gia ya nne? Wewe si husema hujui kuendesha? Wewe ambaye hata baiskeli mlimani unasukuma?"

Ukumbi ukacheka tena. Mpango alikaa chini taratibu, akajifuta uso. Alipogeuka kumtazama mchumba wake, kiti kilikuwa kitupu.

*

Sindano hakukumbuka alifikaje nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vipande vya ngozi, chini ya cherehani, akatoa mfuko mweusi.

Baba yake alipokuwa wodini, miguu imekufa ganzi, alikuwa akiulizia kiatu. Kimoja alikutwa nacho. Sindano akaenda kutafuta kingine peke yake, pale kwenye kona ya ghala la mbao, akakikuta juu ya ukuta katikati ya vigae vya chupa, kimesimama wima. Aliazima ngazi akakishusha. Kilikuwa na damu, kwa hiyo alimwambia baba kimepotea. Polisi hakuwaambia, na hata Mpango hakumwambia, kwa sababu kuna mambo mtu hawezi kuyasema bila kuyaona upya.

Simu ikalia. Ujumbe.

"Mpenzi mbona umeondoka bila kuaga? Kinyozi amekuudhi?"

Hakujibu. Ukaja mwingine.

"Kambi yenu imeshinda. Nakuja kumwogesha mzee kama kawaida."

Sindano aliutazama mpaka kioo kikazima. Kila Jumamosi jioni Mpango ndiye aliyemnyanyua baba, akamweka kwenye beseni kubwa, akamsugua mgongo wakipiga soga. Sindano alimpenda hasa kwa hilo.

Aliandika neno moja: "Njoo."

*

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," baba alijibu kutoka kitandani, kando ya dirisha. "Leo nani kashinda?"

Mpango alikuwa ameshakiona kiatu, kimewekwa juu ya cherehani.

"Kaa," alisema Sindano.

"Maji yamechemka?"

"Kaa kwanza. Kiatu hiki unakijua?"

"Si... si cha mzee?"

"Kilikuwa wapi?"

Mpango alirudi nyuma hatua moja.

"Nimekuuliza kilikuwa wapi! Nilikitoa mimi kwa mikono yangu, hakuna aliyejua. Wewe ulikiona saa ngapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mpango iliishia pale, kwenye sakafu ya saruji. Alipiga magoti.

"Nilikuwa nasambaza mikate," alisema. "Alfajiri, mvua imenyesha. Nilikuwa nimechelewa, nikakata kona kwa kasi. Sikumwona mpaka..."

"Kwa hiyo unajua kuendesha."

"Najua."

"Miaka miwili unasukuma baiskeli mlimani! Miaka miwili unaniambia gari linakupa kizunguzungu!" Ajabu ni kwamba uongo huo mdogo ndio uliomtoa machozi. "Ulishuka?"

"Nilishuka. Alikuwa anapumua. Aliniambia nisimwache."

"Ukamwacha."

"Nikamwacha."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Sindano alisubiri upite.

"Halafu ukapanga. Ukajua tunakaa wapi, ukajua Jumamosi nakaa kiti kipi."

"Nilitaka kujua tu kama yu hai. Nikasikia binti yake huwa kwa Mama Rimoti. Nikasema nitakaa nyuma mara moja, nikuone, niondoke."

"Mbona hukuondoka?"

"Nilisema neno la kipuuzi kuhusu kufuli, ukanicheka. Nikarudi wiki ya pili ili unicheke tena. Nakupenda, Sindano. Hilo sikulipanga, Mungu ni shahidi yangu."

"Baba, unamsikia huyu? Baba!"

Baba alikuwa ameugeukia ukuta. Hakulia, hakufoka, hakuuliza hata swali moja. Sindano alimsogelea kitandani.

"Baba, mbona hushangai?"

"Mwanangu..."

"Nimekuuliza mbona hushangai!"

"Nilimjua siku ya kwanza aliyoingia humu," baba alisema kwa sauti ndogo. "Aliposema shikamoo tu. Sauti hiyo niliisikia nimelala kwenye tope, inasema, Mungu wangu, Mungu wangu. Mtu hasahau."

"Na wewe ulijua kwamba anajua?" Sindano alimgeukia Mpango.

"Aliniambia wiki ileile, namwogesha. Nilitaka nije nikwambie siku hiyohiyo."

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," alisema baba. "Usimlaumu kwa hilo. Mwaka mzima ulikuwa unakaa hapo unashona, huongei, huli. Akaja huyu ukaanza kucheka. Nikafanya hesabu yangu ya uzee: miguu yangu hairudi hata nikimfunga. Kicheko chako kimerudi. Nikakichukua."

Sindano alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Kila wizi una mtu wa ndani," alisema. "Nimelisema leo mbele ya watu, nikidhani naongelea sinema. Kumbe ni baba yangu."

"Tulikuwa tunakulinda, mama."

"Mlikaa nyie wawili kwenye beseni mkaamua mimi nijue nini na nisijue nini! Ningeolewa naye. Ningemzalia watoto. Na kila mkitazamana hapa ndani mngekuwa mnajua, mimi ndiye mlinzi wa kwenye filamu yenu, naamka asubuhi mzima wa afya!"

Alikitia kiatu kwenye mfuko mweusi, akasimama.

"Inuka. Twende."

Mpango hakuuliza wapi.

"Mwanangu, niliyegongwa ni mimi," baba alisema, sasa analia. "Nimeshamsamehe."

"Msamehe, Baba. Ni haki yako. Mimi sijaulizwa."

*

"Baiskeli yako hiyo hapo," Sindano alimwambia mlangoni. "Ukitaka kukimbia, kimbia. Mimi wa Kambi ya Mbio. Nitakufuata hata kwa miguu."

Mpango aliitazama baiskeli, akaiacha ilipo. Alianza kutembea. Sindano akamfuata hatua chache nyuma, mfuko mkononi, na jua la jioni likawarefushia vivuli. Hakuna filamu ingekubali mbio za namna ile.

Walipopita dukani kwa Kinyozi, naye ameshika mashine juu ya kichwa cha mteja, alipayuka dirishani:

"Maharusi hao! Kambi ya Mbio oyee! Mbona mmeachana, mmeshaanza kugombana kabla ya keki?"

Hawakugeuka. Kinyozi akazima mashine.

Penye njia panda Mpango alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasubiri lori lipite, akasubiri na pikipiki iliyokuwa mbali kabisa. Hakuvuka mpaka Sindano alipomfikia. Sindano aliona shingo yake hatua moja mbele. Alitamani kuishika, shingo aliyoizoea, akauchukia mkono wake kwa kutamani.

"Utakuja kuniona?" Mpango aliuliza bila kugeuka.

"Vuka."

Kituoni palikuwa na askari mmoja tu kaunta, anajipepea kwa jalada. Mpango alieleza yote, kona, mvua, mikate, hakuruka kitu na hakujitetea. Askari aliacha kujipepea. Alivuta karatasi, akaandika polepole, halafu akainua kalamu.

"Na wewe dada ni nani wake?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lile alilolizoea, lile aliloliandika kwenye kadi zote za harusi. Mpango alimtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Sindano alitoa kiatu mfukoni, akakiweka juu ya kaunta.

"Mimi ni mtoto wa mwenye kiatu hiki."

Sindano aliporudi nyumbani, giza lilikuwa linaingia na baiskeli ingali imeegemea ukuta. Aliisogeza kando ili mlango ufunguke.

"Umekuja peke yako?" baba aliuliza.

Alivua viatu, akapita, akakaa jikoni.

"Mwanangu. Niite hata mwizi, lakini usininyamazie."

Sufuria kubwa ya maji ya kuogea ilikuwa bado juu ya jiko pale alipoiacha, maji yamepoa. Kisha akawasha jiko upya, akayachemsha, akayabeba mpaka chumbani, akakunja mikono ya gauni. Aliinama, akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wa baba na mwingine chini ya mapaja. Alijaribu mara mbili ikashindikana. Mara ya tatu alimnyanyua, mzito kuliko alivyodhani, kwa sababu hakukuwa tena na mtu mwingine wa kumnyanyua.