Maneno ya Mwasha Taa

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kliniki ya meno ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kila mzazi alikuwa amekumbuka siku hiyohiyo kwamba mwanawe ana jino bovu. Watoto walilia kwa kupokezana, televisheni ukutani ilipiga kelele peke yake, na katikati ya benchi, kati ya mama mwenye mapacha na mzee anayesinzia, alikaa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na shavu lake la kushoto limevimba kama amefichia limau.

Aliyemwita ndani watu walimwita Daktari, ingawa cheti chake kilisema tabibu wa meno. Alikuwa mwanamke mrefu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, barakoa imemwachia macho tu. Alimwambia afungue mdomo. Mgonjwa hakufungua.

"Toa hiyo kwanza," alisema, akionyesha barakoa. "Mimi simwelewi mtu nisiyeona midomo yake."

"Hapa mwenye kuonyesha mdomo ni wewe, kaka. Siyo mimi."

Akacheka, maumivu yakamkatisha kicheko. Kisha akaeleza kwamba kazi yake ni kutafsiri filamu za katuni. Watu wa mbali wamechora midomo, yeye anatafuta maneno ya Kiswahili yatakayokaa kwenye midomo hiyo. Kwenye m, b na p lazima midomo ifunge. Ukiweka herufi hizo mahali mdomo uko wazi, hata mtoto wa miaka mitatu anajua anadanganywa. Mstari mmoja mgumu unaweza kula wiki nzima. Alikuwa bado anaeleza Daktari alipomchoma sindano ya ganzi.

Jino likatoka. Kwa kuwa mdomo ulikuwa umekufa ganzi, mgonjwa aliandika namba yake nyuma ya karatasi ya dawa, akaisukuma mezani, akatoka bila kugeuka. Baada ya siku tatu Daktari alimpigia kuulizia kidonda. Katika miaka sita ya kazi hakuwahi kumpigia mgonjwa mwingine kuulizia kidonda.

Wakawa watu wa simu. Asubuhi, mchana, kila wakitoka kazini. Yeye alimwita Daktari wangu, na Daktari akampa jina la Midomo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umepiga mswaki?"

"Mapenzi gani haya ya kukaguliwa meno?"

"Ndiyo niliyonayo. Kama huyataki, rudisha."

Hakurudisha. Mwezi wa nane, siku ya Jumanne jioni, walikuwa wanapandisha mtungi wa gesi kwa mama yake Daktari, ghorofa ya tatu, kila mmoja ameshika upande wake. Kwenye ngazi ya pili kutoka juu Midomo alitua mtungi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Sina kikubwa cha kukupa," alisema. "Nina siku zangu tu. Zichukue zote, hata zile mbaya."

Daktari alishika ukuta. Alimwomba muda mpaka Jumapili ili amweleze mama. Midomo alisema hata mpaka mwakani sawa, halafu akaongeza haraka kwamba Jumapili ni nzuri zaidi.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa siku ya onyesho la kwanza la katuni yake mpya, hadithi ya binti mfalme na kijana mwasha taa wa jumba la baba yake. Alikuwa amewaachia tiketi tatu, ya Daktari, ya mama na ya binti mdogo wa kaka yake Daktari. Daktari alivaa gauni la zambarau. Mama alishaambiwa, akavaa viatu vyake vya kwendea harusini. Jibu lilikuwa tayari. Angempa Midomo mlangoni, wakitoka.

Ukumbi ulijaa familia. Watoto walicheka, baba zao wakacheka zaidi. Karibu na mwisho mwasha taa alipiga goti mbele ya binti mfalme, uso wake ukajaa kioo kizima, akasema: "Sina kikubwa cha kukupa. Nina siku zangu tu. Zichukue zote, hata zile mbaya."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mama alitoa leso. Daktari hakutazama macho ya mwasha taa, alitazama midomo. Kwenye "mbaya" ilifunga barabara. Kila silabi ilikaa mahali pake kama jino kwenye fizi. Na yeye alijua, kwa sababu alifundishwa na mwenyewe, kwamba maneno hayakai hivyo kwa bahati. Yalikuwa yamekatwa na kupimwa kwa ajili ya mdomo ule uliochorwa. Siyo kwa ajili yake.

Midomo alimkuta nje ya mlango, akitabasamu kama mtu anayesubiri zawadi.

"Ule mstari wa mwisho ulikuchukua muda gani?" Daktari aliuliza.

"Wiki tatu."

"Uliumaliza lini?"

"Mwezi uliopita."

"Basi mimi nilikuwa jaribio. Ulinitulia mtungi wa gesi kwenye ngazi uone kama maneno yanafanya kazi. Yanafanya. Nenda kampose yule wa kwenye katuni."

Midomo alitaka kujibu, lakini watu walikuwa wamemzunguka wakimpa mikono, na mkubwa wake akamvuta ndani kupigwa picha. Aliporudi, gauni la zambarau halikuwepo. Namba yake ilikuwa imefungiwa kabla Daktari hajafika nyumbani. Alikwenda kliniki mara mbili, mara zote mapokezi wakamwambia Daktari hayupo, naye akisikia viatu vyake nyuma ya pazia. Mara ya tatu hakwenda.

Daktari alidhani katuni ingepita kama zinavyopita nyingine. Miezi miwili, watoto wahamie kwenye nyingine yenye magari yanayosema. Haikupita. Mwezi wa pili tangu onyesho, msimamizi wa kliniki aliiweka kwenye televisheni ya benchi ili watoto watulie, na wakatulia. Ilizunguka tangu asubuhi mpaka jioni. Mara sita kwa siku, Daktari akiwa ameshika koleo, mwasha taa alimposa.

Aliomba ibadilishwe. Ikabadilishwa siku moja, benchi zima likalia, ikarudishwa. Na wangekuwa watoto tu, angevumilia. Bibi mmoja alikataa kung'olewa mpaka pale pa posa papite. Dereva wa lori, mtu wa shingo nene, nusu ya uso imekufa ganzi, aliutamka mstari wote pamoja na katuni, mate yakimtoka, mwanawe akimcheka. Baba waliokuwa wameinamia simu waliinua vichwa neno la kwanza likisikika, wakawatazama wake zao kwa namna ambayo labda walikuwa wameisahau. Watoto waliposana kwa maneno hayo kwenye ngazi za jengo. Mama yake mwenyewe aliitazama kila Jumapili na mjukuu wake, na alipoambiwa azime alisema nyumba ni yake.

Kila nyumba ilikuwa imeposwa kwa maneno aliyoambiwa yeye kwenye ngazi. Yeye tu ndiye hakuolewa.

Mwaka wa kwanza alikuwa na hasira, na hasira humsimamisha mtu wima. Mwaka wa pili ilimwisha, akabaki na kile kilichokuwa chini yake. Alilia kwenye chumba cha kuchemshia vifaa, mashine ikinguruma ili asisikike. Siku moja alifungulia namba ya Midomo, akapiga. Namba ilikuwa haitumiki tena. Alipiga mara tisa, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Kisha Alhamisi moja, karibu saa saba mchana, aliingia mama mmoja na mtoto wa kike mwenye jino linalocheza. Mama huyo alikuwa na paji la uso lilelile la Midomo, na namna ileile ya kutazama midomo ya anayesema naye.

"Mimi ni dada yake," alisema, bila salamu ndefu. "Ningekuita wifi, lakini ulikataa."

Daktari aliuliza anaendeleaje. Dada akamjibu bila kupamba. Amekonda. Amepata kazi nchi nyingine, mkataba wa miaka mitano, anaondoka kesho asubuhi. Leo anamalizia studio, saa nane anakabidhi kazi. Mtoto hakuwa na jino la kuhitaji kliniki, angeweza kuling'oa mwenyewe kwa ulimi. Dada alitaka tu kumwona mwanamke mwenye roho ngumu kiasi hicho.

"Ulimwacha kwa sababu gani hasa? Maana yeye mwenyewe hasemi."

Daktari alivua glavu. Benchi lilikuwa na watoto kumi na wanne. Alimwambia mwenzake awaangalie, akatoka na koti lake jeupe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi.

Studio ilikuwa juu ya duka la marumaru, mwisho wa ukumbi mwembamba uliobandikwa sponji za magodoro. Taa nyekundu ilikuwa inawaka mlangoni: wanarekodi, kimya. Midomo alikuwa amesimama ukutani na boksi mikononi. Alimwona, boksi likainama, akaliwahi. Daktari alifungua mdomo, yeye akaweka kidole midomoni, akaonyesha taa. Walisimama hivyo dakika nne, hatua mbili kati yao, wala hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Taa ikazimika.

"Nauliza kitu kimoja," Daktari alisema. "Kipi kilianza, mimi au katuni?"

Angeweza kudanganya. Hata Daktari mwenyewe alitamani adanganywe.

"Katuni. Niliandika kabla sijakwambia."

Daktari aligeuka aondoke.

"Kwa lugha ya kwao mwasha taa anaahidi nyota na mwezi," Midomo alisema nyuma yake. "Filamu nzima niliimaliza kwa siku kumi. Ule mstari mmoja wiki tatu, kwa sababu kila nikitafuta neno lake nakuona wewe. Unanijua, Daktari. Vitu kama hivyo siwezi kusema, naweza kuandika tu. Nikaona acha yeye aseme kwanza. Asipokufa kwa aibu, na mimi nitasema. Sikukufanyia mazoezi wewe. Nilimfanyia mazoezi yeye."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Uliuliza muda gani. Nikakujibu muda gani."

Kwa dakika moja Daktari alimchukia tena, kwa sababu ilikuwa kweli. Miaka miwili imeliwa na swali alilouliza vibaya.

"Unaniposa mara sita kwa siku," alisema, machozi yanamfika kidevuni. "Mara sita, nimeshika koleo, na siwezi kujibu."

"Jibu sasa."

"Yale siyajibu. Ni ya watoto wa watu sasa. Niambie mengine."

Midomo aliweka boksi chini. Chini, wapakuaji walikuwa wanateremsha marumaru, zinagongana. Daktari aliona wiki tatu zikipita usoni mwake, na hawakuwa na wiki tatu. Walikuwa na mpaka kesho asubuhi.

"Nimeuza kitanda," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Kitanda. Na jiko. Funguo za nyumba nimerudisha asubuhi. Nikibaki sina pa kulala."

"Mama ana kochi. Fupi. Na atakusema kila siku mpaka tufunge ndoa."

"Miguu itaning'inia."

"Ining'inie. Na mkataba?"

"Nimesaini."

"Wapigie. Sasa hivi, nikisikia."

Midomo alikosea namba mara mbili. Simu ilipopokelewa alisema kwamba hatakuja. Akasikiliza. Akasema hapana, hajaugua.

"Naoa," alisema.

Kisha akamtazama Daktari, macho yamemtoka, kama anayeuliza ikiwa amesema kweli. Daktari aliitikia kwa kichwa, akamfuta pua kwa mkono wa koti lake jeupe, akamwambia asikate simu kabla hajawaomba radhi watu.